Shamba Lenye Korongo

Mkaa ulikuwa bado na chenga. Mwalimu Andongwisye aliuchota kidogo kwa ncha za vidole, akausugua, akausikia ukikwaruza kama mchanga, akaurudisha kinuni na kuendelea kutwanga. Unga wa kupaka ubao sharti uwe laini kama wanja. Ukiachwa na chenga, chaki huruka na maandishi yakakatika. Rangi ya dukani ilikuwapo, tena siku hizi za ruksa ya biashara ilijaa tele madukani Bulyaga, mtaa wa sokoni, pamoja na kila kitu kingine, lakini ilikuwa ya wenye nazo. Shule ilibaki na mkaa wake, kinu chake, na majani ya viazi vitamu yaliyopondwa yakatoa ute wa kuushikisha mkaa kwenye mbao.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na ukungu ulikuwa bado haujainuka migombani. Majani yalikuwa yakipondwa na Mwalimu Agness, binti wa Karagwe aliyepangiwa shule hiyo mwaka uliotangulia. Ndiye aliyeshika darasa la saba kwa hesabu muda wote ambao Andongwisye alilazwa kwa homa ya matumbo. Mzee alikuwa amerudi kazini wiki hiyo tu, nguo zikimpwaya, na hawakuwa wamepata nafasi ya kuzungumza.

Agness alianza kwa kuomba radhi. Alisema darasa amelikuta zuri na amelirudisha bovu. Tulinagwe, aliyekuwa akiongoza, alikuwa ameshuka. Asajile alikuwa akisinzia waziwazi. Wale watoto wa Kawetele, kijiji cha wachuma chai, ambao kila mtu alimwambia ni hodari, walimtazama kuanzia kengele hadi kengele kama watu wanaongoja mvua iishe waende zao.

"Waliobaki na mimi ni wale wachache wa Bulyaga," alisema. "Nilidhani wananionea huruma. Shamsia ndiye alikuwa haachi kuuliza, mpaka nafuta ubao yeye bado anauliza."

"Shamsia wa Mzee Yussuph?"

"Huyo huyo. Juzi na jana sikumwona."

Andongwisye alijibu kwamba mtoto huyo hatarudi tena. Jumatatu asubuhi angepanda basi kwenda Mbeya na shangazi yake Rahima, mwenye meza ya mitumba Mwanjelwa, akajifunze biashara.

"Aache shule na mtihani uko karibu hivi? Nani kampa baba yake ushauri huo?"

Mchi ulipanda ukashuka, ukapanda tena. Aliyetoa ushauri huo alikuwa yeye.

Alikuwa ameutoa mwezi wa tatu, kabla hajaugua, akiwa ameketi kwenye benchi la Mzee Yussuph sokoni, tena kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutua mzigo. Wala halikuwa wazo lake peke yake. Katika ofisi ya walimu jambo hilo lilizungumzwa kila matokeo yalipotoka, na kila mara lilimalizikia pale pale. Watoto wa Waislamu wa mjini wamezaliwa na Kiswahili mdomoni. Babu zao walikuja huku na Mjerumani wakiwa askari na wapagazi, na Kiswahili ndicho walichoachiana kama urithi. Mtihani nao ni wa Kiswahili. Basi mtoto aliyetangulizwa hivyo akishindwa na mtoto wa Kawetele, aliyejifunza Kiswahili shuleni, sababu itakuwa nini kama si uvivu? Wengine walisema ni duka, wengine wakasema ni chuo cha Kurani cha jioni. Ofisa mmoja wa elimu aliwahi kuja kuhutubia wazazi wa Bulyaga juu ya umuhimu wa elimu. Mzee Yussuph aliketi mstari wa mbele akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyohudhuria kila kikao cha wazazi tangu Abdul, mwanawe mkubwa, aanze darasa la kwanza.

Agness alikung'uta majani mikononi.

"Pengine ni kwa sababu sijui Kinyakyusa," alisema akijicheka mwenyewe. "Nilikuwa nasoma kitabu tu, Kiswahili kikavu, kama karani wa mahakama. Wa Kawetele walichoka. Sasa wa Bulyaga sijui walipenda nini."

Andongwisye aliacha kutwanga.

Yeye alijulikana wilaya nzima kwa kufundisha hesabu kwa Kinyakyusa. Sera ilisema Kiswahili, na Kiswahili ndicho alichoandika ubaoni. Lakini pale ambapo jambo lilikuwa gumu aliweka chaki chini, akakaa juu ya ukingo wa meza, akaeleza kwa lugha ya nyumbani. Mkaguzi mmoja alimkaripia kwa hilo mbele ya wanafunzi. Alimjibu taratibu kwamba mtoto mchanga hunyweshwa kwa kiganja cha mama, kikombe atakijua akikua. Mwaka ule ule watoto wa wachuma chai walifaulu kuliko mwaka wowote, mkaguzi akanyamaza, na jibu lile likatembea vijijini mpaka Isongole. Alikuwa amelionea fahari. Alikuwa na haki ya kulionea fahari. Watoto wale walikuwa wakizama, naye aliwavuta.

Lakini sasa, mchi ukiwa mkononi, alichokumbuka ni kicheko.

Mfano wake uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mzee mmoja na shamba lake. Aliutumia kila mwaka, na kila darasa liliungoja. Aliusimulia kwa sauti ya mzee mwenyewe, akikohoa na kuegemea fimbo, na ulipofika mahali fulani darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Katika kicheko hicho Shamsia alikuwa wa mwisho. Wenzake wakiwa wamekwisha vuta pumzi, yeye ndiyo kwanza anacheka, macho yakiwa kwa Tulinagwe aliyeketi naye dawati moja. Siku moja Andongwisye alimtania, "Shamsia, cheko lako hupitia Mbeya kwanza ndipo lije Tukuyu?" Darasa likacheka zaidi. Utani ukabaki. Hata uwanjani mpira ukimpita walimwita Wa-Kupitia-Mbeya. Naye mwalimu alilichukua lile cheko la kuchelewa kuwa kipimo. Alisema moyoni, mtoto huyu ni mzito.

Hakuwa mtu wa kukata shauri upesi, hata juu yake mwenyewe. Alijiambia kwamba watoto wa Bulyaga wamezaliwa hapa hapa na Kinyakyusa wanakijua. Kisha akajiuliza ni Kinyakyusa kipi. Aliwasikia sokoni: bei, salamu, matusi, "ndaga" ya kumshukuru mteja na kumwagia baraka. Nani aliwahi kusimama nao shambani akawaonyesha mpaka, mtaro, mteremko, kila kitu kwa jina lake?

Alichekecha unga, akaukoroga na ute wa majani, akaanza kupaka kutoka juu kwenda chini, polepole, bila kuruka mahali. Agness alimwambia apumzike, ndiyo kwanza ametoka hospitali. Hakuacha kupaka. Mkono wa kwanza wa rangi ulipokwisha na ubao ukang'aa kwa unyevu, aliweka brashi ndani ya kopo.

"Acha ukauke," alisema. "Nateremka Bulyaga."

Benchi lilikuwa pale pale. Mzee Yussuph aliuza viatu vya mitumba, kavipanga jozi kwa jozi juu ya turubai, na vile visivyo na mwenzake kavitundika juu kwa kamba zake. Kando yake Abdul, kijana mwenye ndevu zinazoanza, alikuwa akikunja suruali. Andongwisye alimfundisha huyu naye. Walikaribishana, wakajuliana hali, wakasaili juu ya homa na chakula cha mgonjwa. Yote hayo yalifanywa kwa ukamilifu wake, kwa kuwa hapa hakuna jambo linaloanza kabla ya salamu kwisha.

"Mikono hiyo mwalimu," Abdul alisema, "shule imefungua gereji?"

Andongwisye aliitazama. Alikuwa amesahau kunawa. Weusi ulikuwa umemfika viwikoni.

"Ni ubao," alisema. Kisha, kwa kuwa njiani alikosa maneno ya kuzungukia, alimgeukia baba mtu. "Baba Abdul, nimekuja kwa habari ya Shamsia. Jumatatu asiende."

Mzee Yussuph aliendelea kupangusa kiatu mpaka kikatakata, akakiweka chini karibu na mwenzake.

"Mwalimu, ulikaa hapa hapa mwezi wa tatu. Ukaniambia kila mtoto na riziki yake, na ya huyu haiko kwenye vitabu. Nilikushukuru, sivyo?"

"Ulinishukuru."

"Niliona umenipunguzia aibu. Nyumbani nilikuwa nasema pengine sisi ndio wabaya. Taa nimempa, kazi za dukani nimemwondolea, chuoni nimemwombea ruhusa miezi ya mtihani. Na bado. Wewe ukaja ukasema ni riziki tu. Nikalala usingizi. Leo unaniambia nini?"

Andongwisye alisema alikosea. Akaulizwa alikosea wapi. Hapo maneno yakamponyoka. Alieleza kwamba amekuwa akifundisha kwa Kinyakyusa, na Mzee Yussuph akamtazama kama mtu aliyeungama kwamba hula ndizi. Nani asiyejua? Hilo ndilo lililowafaulisha watoto wa kule. Yeye mwenyewe aliwahi kumsifia mwalimu huyu mbele ya watu, akisema angalau kuna mmoja anayejua kuzungumza na mtoto.

"Muite," Andongwisye alisema. "Tafadhali."

Shamsia alitoka nyuma ya nguo zilizotundikwa; muda wote alikuwa huko, na bila shaka alisikia yote. Alikuwa amekwisha vaa kama mtu mzima, kitenge na mtandio. Aliamkia bila kuinua macho. Mwalimu alimwomba akumbuke lile shamba la yule mzee mwenye wake watatu, akalitaja kwa Kiswahili: ekari kumi na mbili, wake watatu, wagawane sawasawa, kila mmoja apate ngapi?

"Nne," Shamsia alijibu mara moja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kosolewa jibu hilo mara nyingi na hana jingine.

"Na korongo je?"

"Korongo gani, mwalimu?"

"Lile ambalo wenzako hucheka."

Shamsia alimtazama baba yake, akamtazama Abdul, akarudi kwa mwalimu.

Andongwisye akamsimulia hadithi yote kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu aitunge. Mzee anawagawia wake zake shamba. Wote wamekwisha shika majembe, ndipo bibi mdogo, ambaye kila mtu humwona mjinga, anauliza: lile korongo lililokula ekari tatu pale katikati, atalima nani? Maana sehemu yangu imeangukia humo, na mimi si chura. Hapo ndipo watu hucheka. Na hapo ndipo penye hesabu, maana kabla ya kugawa lazima uondoe kisichogawika. Zinabaki tisa. Kila mmoja tatu.

"Kumbe kulikuwa na korongo?" Shamsia alisema.

Hakulisema kwa ubishi. Alilisema kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba aliyokaa siku zote.

"Mimi nilidhani wanamcheka bibi mdogo," aliongeza. "Nikawa namwonea huruma. Halafu nacheka."

Mteja mmoja alishika kiatu akauliza bei, akaona nyuso zile, akakirudisha mahali pake.

Abdul ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kisicho na furaha wala hasira. Mikono yake haikuacha kukunja.

"Na mimi nilikuwa nagawa nne nne," alisema. "Ila mimi, mwalimu, nilikuwa hodari wa kucheka kwa wakati. Namwangalia Nsajigwa, jirani yangu wa dawati, mdomoni. Akianza kuachama tu, mimi nimekwisha tangulia. Wewe ukasema, huyu ni mjanja, tatizo lake ni haraka ya kwenda kuuza."

Andongwisye alilikumbuka neno hilo. Alikuwa amelisema kwa kupenda, hata. Alimpenda yule mtoto mchangamfu. Sasa alimtazama akiwa mtu mzima kati ya suruali za watu wa mbali. Shamsia alikuwa bado na mtihani mbele yake. Kwa Abdul hakukuwa na chochote kilichobaki cha kurudi nacho shuleni. Na nyuma ya Abdul walikuwako wengine, mwaka baada ya mwaka, wawili hapa, watatu pale, walioketi wakitazama midomo ya wenzao.

Alijikaza akampa Shamsia hesabu nyingine, ya eneo na sehemu, akitumaini, na aliona aibu kwa jinsi alivyotumaini. Mtoto alianza vizuri kisha akakwama. Alimrudisha nyuma, akakwama tena, mahali pa darasa la tano. Halikuwa korongo moja. Kila jambo gumu ambalo aliwahi kuweka chaki chini ili alieleze, hapo ndipo shimo lilipokuwa.

Mzee Yussuph aliyaona yote hayo. Hakuwa msomi wa hesabu za shule, lakini uso wa mtu anayekwama aliujua.

"Muda huu uliobaki utafukia hayo yote?"

"Sijui," Andongwisye alisema. Lingekuwa jambo jepesi kusema ndiyo. "Pengine asifaulu. Lakini akishindwa, ashindwe kwa hesabu aliyoisikia."

Mzee alivuta pumzi, akamgeukia bintiye. Alimwambia shangazi yake anamngoja, meza iko tayari, na Mbeya si pabaya, aseme mwenyewe. Shamsia alizungusha ncha ya mtandio kidoleni.

"Nikirudi darasani, mwalimu, utaniambia na mimi wanacheka nini?"

"Nitakwambia."

"Kabla hawajacheka?"

Hapo alisita, na wote watatu walimwona akisita. Aliwaona akilini Tulinagwe na Asajile, wale waliosinzia mbele ya Kiswahili kikavu cha Agness. Akikisema kila kitu kwa lugha moja angewazamisha wao; kwa ile nyingine angemzamisha huyu. Kusema yote mara mbili, katika darasa lililojaa mpaka madirishani, muda ulikuwa hautoshi. Sera ya mkaguzi ilikuwa na watoto wake wa kuacha nyuma, na ubishi wake yeye ulikuwa na wa kwake. Tofauti ilikuwa kwamba wa kwake aliwacheka.

"Nitajaribu," alisema.

Mzee Yussuph aliinama akachukua kiatu kingine.

"Basi Rahima ataondoka peke yake. Lakini mwalimu, lile neno la kunipunguzia aibu usiniletee tena. Mwanangu akishindwa, niletee sababu."

Mwalimu alipoinuka kuondoka, Abdul alimrushia kitambaa, kipande cha fulana iliyoraruka, ajifute mikono. Alijifuta. Kitambaa kikawa cheusi na mikono ikabaki vile vile.

"Ndaga, mwalimu," Abdul alisema, kwa lafudhi safi kabisa, kama mzee wa Kawetele.

Andongwisye alipanda mteremko akipumzika mara kwa mara, miguu ikiwa bado ya mgonjwa. Agness alikuwa amekwenda zake. Alikuwa amefunika kopo la rangi kwa jani la mgomba na kufunga madirisha mawili ya upande wa upepo. Andongwisye aliugusa ubao. Kingoni ulikuwa mkavu, katikati ulinata. Ukungu ulikuwa umerudi, na kwa hali ile usingekauka leo.

Hakwenda nyumbani. Alikaa juu ya ukingo wa meza, mahali pake pa siku zote, akaanza kulisimulia shamba la mzee kwa madawati matupu. Alisema sentensi moja kwa Kinyakyusa, ile ile kwa Kiswahili. Hadithi ilichechemea. Akageuza, akaanza na Kiswahili. Alipofika kwa chura, mzaha ulikuwa umekwisha poa, na aliyeusikia kwanza angekuwa amekwisha cheka huku mwenzake akingoja tena. Shamsia angekuwa wa mwisho vile vile, au Tulinagwe. Labda hadithi hii isingefaa tena. Labda atoke nao nje, darasa zima, mpaka kwenye korongo lenyewe lililo chini ya uwanja, awasimamishe ukingoni, waone pasipolimika kabla mtu yeyote hajasema neno kwa lugha yoyote. Lakini sehemu za eneo je? Na asilimia? Kila jambo lingetaka korongo lake la kuonyesha kwa kidole, na hakuwa nayo.

Alichukua kipande cha chaki akajaribu kuandika kona ya juu. Chaki ilizama kwenye unyevu, ikaacha alama ya kijivu isiyosomeka. Aliifuta kwa kidole, akaharibu pale alipopaka vizuri asubuhi.

Hapo pangehitaji kupakwa tena, na baada yake mkono wa pili ubao mzima. Alikoroga kilichobaki koponi, akakiona kinatosha, akakifunika tena na lile jani. Kesho akitoka kanisani angekuja kuendelea.